Kibuyu, Chupa na Dumu: Habari za Maji ya Msafiri

Nchi yetu ya Shinyanga ina masika na kiangazi, na kila mwenyeji ajua ni kipi kati ya hivyo viwili kimjaribucho mtu. Mvua huanza yapata mwezi wa Novemba, hukoma Aprili au Mei. Baadaye mito mingi hubaki mchanga mtupu, na udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa pana hata mtoto aweza kuingiza mguu wake ndani. Mito ya namna hii haimpi msafiri maji, ila akubali kukaa na kufukua mchanga mpaka yatokeze. Kwa hiyo tangu kale mtu wa nchi hii alipotaka kusafiri alikitazama kwanza chombo chake cha maji, ndipo akatafuta fimbo yake. Katika habari hii tumekusudia kueleza vyombo hivyo jinsi vilivyofuatana, toka kibuyu cha wapagazi mpaka chupa ya plastiki iuzwayo leo kandokando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kupita Didia mpaka Tinde. Twafanya hivi kwa sababu watu wengi siku hizi huchukua chupa yo yote iliyo karibu, wakidhani chupa zote ni sawa. Nasi twaona kwamba dhana hiyo imekwisha kuwaletea wengine maradhi na vifo.

Chombo cha wazee wetu kilikuwa kibuyu. Mmea wake ni mmumunye, ule utambaao juu ya ua na mapaa ya nyumba, nao si mgeni kwetu. Wataalamu wa mimea wasema asili yake ni Afrika, na wengi wao huamini kwamba matunda yake makavu yalielea baharini hata yakafika Marekani, ambako watu walikuwa wakiyatumia yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla hawajajua kufinyanga vyungu. Basi kibuyu ni chupa ya kale kuliko chupa zote, na haikuhitaji kiwanda.

Lakini haikuwa kazi ya siku moja. Tunda liliachwa likomae mpaka ganda lake likauke na kulia likigongwa. Kisha likatobolewa shingoni, likajazwa maji, likaachwa siku kadhaa ili nyama ya ndani ioze. Hapo mbegu na nyama zikamwagwa, vikatiwa vijiwe pamoja na maji, kikatikiswa kwa nguvu mpaka ndani pawe safi. Kazi hii ilirudiwa mara nyingi, maana kibuyu kipya huyatia maji uchungu. Mwenyewe aliyaonja, yakiwa machungu aliyamwaga akaanza tena. Kizibo chake kilikuwa gunzi la hindi au kipande cha mti kilichochongwa, na kamba au ukanda wa ngozi ulikishika kipate kuning'inia begani. Kikipata ufa, kilishonwa kwa uzi. Kibuyu ni chepesi, hakipati moto upesi kama bati, na kikivunjika hakimkati mtu. Ubaya wake ni kwamba hakistahimili kuanguka juu ya jiwe, wala hakiwezi kutiwa motoni ili maji yachemke ndani yake.

Tena kuna jambo moja ambalo twaomba msomaji alishike, kwa kuwa tutalirudia mbele. Mtu wa zamani alikijua kibuyu chake tangu kilipokuwa tunda. Alijua hakijapata kuwamo kitu kingine ndani yake ila mbegu zake. Cha maziwa kilikuwa cha maziwa, cha pombe kilikuwa cha pombe, na cha maji kilikuwa cha maji.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote wa bara hili. Walichukua pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, silaha yake na chakula chake. Katika njia ile palikuwa na mahali pawili palipoogopwa kwa ajili ya maji. Pa kwanza ni Marenga Mkali, kati ya Mpwapwa na Ugogo. Jina lake lataja maji makali, yaani yenye chumvi, na upana wake ulipita maili 30. Pa pili ni Mgunda Mkali, pori kavu lililotenga Ugogo na Unyamwezi, ambalo misafara ililikata kwa muda wa yapata wiki moja. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Kaze katika Unyanyembe tarehe 7 Novemba, walipita pote pawili. Mwaka uliofuata Speke alisafiri kutoka Kaze kwenda kaskazini, akapita katika nchi za Wasukuma, akaliona Ziwa la Victoria karibu na Mwanza mwanzo wa Agosti 1858. Henry Stanley naye aliikata Marenga Mkali mwaka wa 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone.

Watu husoma majina ya Wazungu hao wakasahau kuuliza jinsi watu mia na zaidi walivyovuka maili 30 pasipo maji, kila mmoja na kibuyu chake tu. Jibu ni lile neno la misafara, kutirikeza. Desturi ya siku zote ilikuwa kuondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Lakini mbele ya pori kavu kiongozi aliamuru watu wakae kisimani asubuhi, wapike, wale, wanywe mpaka watosheke, wajaze vibuyu. Kisha wakaondoka mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala mahali pasipo maji, na alfajiri wakaendelea mpaka wayafikie maji ya pili. Kwa njia hii walikaa mbali na maji karibu siku nzima, lakini sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa ya jioni, ya usiku na ya asubuhi, wakati mwili hautoki jasho jingi.

Hebu tufanye hesabu tuone akili iliyokuwamo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu atembeaye juani na mzigo aweza kutokwa na jasho karibu lita moja kwa saa. Akienda saa nane wakati wa jua, ingempasa kuchukua kilo nane za maji juu ya kilo zake 30 na zaidi; hakuna awezaye kufanya hivyo siku baada ya siku. Basi wapagazi hawakutafuta kibuyu kikubwa zaidi. Walibadili saa ya kwenda, wakaweka maji mengi tumboni kabla ya kuondoka, na kibuyu kikabaki kwa ajili ya kuwafikisha. Duka la mjini humwonyesha mnunuzi chupa kubwa kubwa, naye huona ile iliyo kubwa kuliko zote ndiyo bora. Mpagazi wa Unyamwezi angemcheka.

Watu wengine walichagua kiriba, yaani ngozi ya mbuzi iliyoshonwa. Wasomaji wetu wanakijua katika kitabu cha Mwanzo, pale Hajiri alipotolewa nyumbani na mkate na kiriba cha maji, akapotea jangwani hata maji yakamwishia. Kiriba hakivunjiki kikianguka, na kwa kuwa hutoa unyevu kidogo kidogo nje, upepo huyapoza maji ya ndani. Lakini kwa sababu iyo hiyo hupoteza maji njiani, na harufu ya ngozi haitoki kamwe. Katika nchi yetu yenye ng'ombe na mbuzi wengi ngozi hazikukosekana. Hata hivyo wapagazi walipenda kibuyu.

Vita ya 1914 hata 1918 ilileta vyombo vya namna nyingine. Majeshi ya Waingereza yaliitwaa Mwanza mwezi wa Julai 1916, yakashuka kusini kwa njia ya Shinyanga, huku Wabelgiji wakija kutoka magharibi. Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo. Askari wa Uingereza walikuwa na chupa ya chuma iliyopakwa enameli, imevikwa nguo nzito ya sufu, yenye kizibo kilichofungwa kwa kamba kisipotee. Ilichukua painti mbili, yaani zaidi kidogo ya lita moja. Ile sufu haikuwa pambo. Ikilowekwa, maji yake hukauka kwa upepo na kuipoza chupa. Chupa hiyo ilistahimili kuanguka, na ilikuwa mali ya mtu mmoja, asiyeshirikiana na mwenzake. Ila ndani yake hapaonekani, mdomo wake ni mwembamba, na enameli ikibanduka chuma hushika kutu.

Hata hivyo vita ile haikuua watu wengi kwa kukosa chupa. Wapagazi walichukuliwa na pande zote mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa. Wengi wao hawakuona risasi, bali waliuawa na maradhi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa yale mabaya kabisa. Watu walikunywa katika mito na madimbwi yaliyokwisha kuchafuliwa na majeshi yaliyotangulia. Chupa nzuri iliyojazwa maji mabaya yazidi kumdhuru mtu, kwa kuwa humfanya aendelee kuyanywa hata baada ya kuliacha dimbwi nyuma.

Baada ya vita likaja debe. Mafuta ya taa yaliletwa katika mabati ya galoni nne, karibu lita 18, na bati likiisha mafuta halikutupwa. Likawa chombo cha maji, cha nafaka, cha pombe, hata kipimo cha sokoni, nacho tunakitumia mpaka leo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928 ikipita Shinyanga, na bidhaa za madukani zikazidi. Mwaka wa 1947 serikali ya wakati ule ikaanza mpango mkubwa wa kuiendeleza nchi ya Usukuma, na malambo mengi yakachimbwa. Wanawake wakayachota maji ya malambo kwa madebe. Kwa safari ndefu debe halifai, kwa kuwa maji humwagika, na juani hupata moto; tena mishono yake ilitiwa risasi, ambayo ni sumu ipenyayo katika maji pole pole. Lakini ubaya wake mkubwa ni ule ulioingia katika fikira za watu. Kwa mara ya kwanza tukazoea kunywa maji katika chombo kilichokuwa na kitu kingine kabla, kitu kisicholiwa wala kunywewa. Harufu ya mafuta tuliizoea, tukaiita harufu ya debe.

Plastiki ilikuja baadaye. Dumu la mafuta ya kula, la lita 20, 10, 5 au 3, likalishinda debe kwa sababu lina mfuniko, ni jepesi, wala halishiki kutu. Mmarekani mmoja, Nathaniel Wyeth, alipata hataza ya chupa ile ya plastiki angavu mwaka wa 1973, nayo ndiyo ile tunayonunua ikiwa na maji au soda. Leo wanafunzi huenda shule na kidumu mkononi, mwendesha baiskeli hufunga dumu nyuma, na mchimbaji dhahabu wa Geita hushuka shimoni na chupa mfukoni. Hatuna neno la kulaumu katika hayo. Chupa ya plastiki ikianguka haivunjiki, bei yake yaweza kuwa si kitu, na tofauti na kibuyu, maji yaliyomo yaonekana.

Shida yetu ni kwamba chombo kimoja sasa huingia vitu vingi, na ukikitazama hakikwambii. Mafuta ya taa huuzwa kwa kipimo kidogo katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu huiona chupa pembeni mwa nyumba, akainywa. Madaktari wa Afrika ya Mashariki wanajua sana ajali hii, maana mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu ziwapatazo watoto wadogo mara nyingi, nayo huharibu mapafu. Katika wilaya zetu za pamba kuna dawa za kunyunyizia wadudu. Dumu lake ni imara, lina mfuniko mzuri, lapendeza macho. Mtu hulisuuza mara tatu akaona limetakata. Lakini plastiki hunywa sehemu ya dawa ile ndani ya ukuta wake, kisha huitoa tena kidogo kidogo katika maji, na kusuuza hakuiondoi. Ndiyo sababu mashirika ya kilimo na afya ya Umoja wa Mataifa huagiza dumu la dawa likishasuuzwa litobolewe, lisipate kutumiwa na mtu tena.

Upande wa Geita na Kahama kuna zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kuikamata dhahabu katika mchanga uliosagwa, kisha huichoma iondoke kama mvuke, na sumu yake hudhuru ubongo na figo, hasa za mtoto aliye tumboni. Mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki nchini Japani mwaka wa 2013, na Tanzania ikayaridhia mwaka wa 2020. Lakini mapatano hayaingii mfukoni mwa mtu kukagua chupa yake. Chupa iliyotiwa zebaki, hata tone moja, isirudi tena kwenye maji, wala isiuzwe kwa wanunuao chupa tupu.

Mtu atauliza, je, ile alama ya pembetatu yenye tarakimu chini ya chupa haitusaidii? Yatusaidia kidogo. Tarakimu 1 ni ya chupa angavu za maji na soda. 2 ni ya madumu meupe yasiyopenya macho. 5 ni ya vyombo vingi vya chakula. Lakini tarakimu hutaja aina ya plastiki tu, haisemi kilichowekwa ndani jana. Hapa ndipo tunaporudi kwa mwenye kibuyu, aliyekijua chombo chake tangu kilipokuwa tunda. Sisi tunaopewa chombo kikiwa tayari hatuna njia ila moja: kununua chupa ikiwa imefungwa, au kuipata kwa mtu tumjuaye na aijuaye, na kuitenga kwa maji peke yake.

Liko jambo la mdomo wa chupa, ambalo wanunuzi hulipuuza. Mdomo mwembamba huzuia mikono, vumbi na kata chafu. Wataalamu wa afya wamethibitisha mara nyingi kwamba maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huharibika nyumbani, kwa mikono iingiayo ndani ya ndoo. Mdomo mpana huruhusu mkono na kitambaa kuingia kusugua. Basi kipi bora? Kwa chombo cha nyumbani twachagua mdomo mwembamba, maana wachotaji ni wengi. Kwa chupa ya safari, ambayo hunywewa na mtu mmoja, mdomo uingizao vidole vitatu wafaa zaidi, kwa kuwa ute wa kijani huota ndani ya chupa ikikaa na maji juma zima, na usiposuguliwa hautoki. Mwenye chupa ya mdomo mwembamba aweza kufanya kama wazee: atie vijiwe au mchanga safi na maji kidogo, atikise. Dawa hii ya kibuyu yaifaa plastiki vilevile, ijapokuwa huiparuza kidogo.

Wenye uwezo siku hizi hununua chupa za chuma cha pua. Ni nzito, na bei yake huumiza. Lakini zina faida moja ambayo kibuyu na plastiki hazina, yaani zaweza kuwekwa motoni na maji yakachemka ndani yake. Ila mnunuzi aangalie. Iko chupa ya ukuta mmoja, na iko ya kuta mbili, ambayo kati ya kuta zake hewa imeondolewa ili joto lisipite. Akili hiyo ilibuniwa na James Dewar wa Uingereza mwaka wa 1892, na ndiyo chupa yetu ya chai. Ile ya kuta mbili isitiwe motoni kamwe, maana yaweza kupasuka. Ya ukuta mmoja yafaa, mfuniko ukiondolewa kwanza. Kwa mtu akaaye mbali na bomba, tungechagua ya ukuta mmoja, hata kama haitunzi ubaridi.

Asiye na chuma wala kuni ana jua, nalo hatulikosi. Mnamo mwaka wa 1980 Aftim Acra wa Beirut, nchini Lebanoni, alionyesha kwamba mwanga wa jua huua vijidudu vya maradhi ndani ya chupa angavu. Uswisi ikaendeleza uchunguzi huo tangu 1991. Katika nchi ya Wamasai, Kajiado, Kenya, watoto 206 waliingizwa katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 1996: baadhi yao waliambiwa waweke chupa za maji juani juu ya paa, wengine waziweke ndani ya nyumba. Wale wa juani walipungukiwa na kuhara, ingawa hakukukoma kabisa. Masharti yake ni haya: chupa iwe angavu, isizidi lita mbili, isiwe na michubuko mingi, ilazwe juani saa sita, na kukiwa na mawingu mazito siku mbili. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa na kuachwa yatuame. Ukitaka kuyapima, simamisha chupa juu ya gazeti hili utazame kutoka mdomoni mpaka chini. Usipoweza kuyasoma maandishi makubwa ya kichwa cha habari, maji hayo hayajafaa kwa jua. Tena jua huua vijidudu tu. Dawa ya pamba na zebaki hubaki kama zilivyokuwa. Wengine huogopa kwamba jua huitoa sumu katika plastiki yenyewe. Uchunguzi umekwisha kufanywa, na kiasi kilichoonekana kilikuwa kidogo sana, chini ya kile kinachokatazwa. Ni ajabu kwamba mtu huogopa hilo, na huku maji yake yamo katika dumu la dawa.

Tangu mwaka wa 2009 maji ya Ziwa la Victoria yamefika Kahama na Shinyanga kwa bomba kubwa litokalo Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, ambako husafishwa. Ni neema kubwa, na wasafiri wengi sasa huweza kujaza chupa mahali ambapo babu zao walifukua mchanga. Lakini bomba halifiki kila kitongoji, na mwanzo wa mwaka 2024 kipindupindu kilikuwamo katika mikoa ya upande wa Ziwa, Shinyanga ikiwamo. Wala dharura haichagui mahali penye bomba.

Tuchukue habari za migodi, ambazo zatuhusu sana kwa kuwa vijana wengi wa vijiji vyetu huenda huko.  Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo liliporomoka huko Nyangarata, karibu na Kahama, likawafungia wachimbaji chini. Watu walidhani wamekufa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humo. Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji machafu yaliyodondoka kutoka juu. Mwili wa mtu aliye na maji waweza kudumu majuma kadhaa kwa chakula kidogo sana. Pasipo maji siku zake ni chache tu. Mwezi wa Januari 2017 huko Geita watu 15 walifungiwa mgodini, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi, na katika muda huo waliokoaji walipenyeza chakula na maji kwa tundu. Mara zote mbili yaliyowaokoa yalikuja kutoka juu, wala si kutoka mfukoni mwa mtu, kwa maana chupa ya nusu lita haifiki hata jioni.

Kwa hiyo tukiulizwa mchimbaji au msafiri wa porini achukue nini, tutajibu hivi. Washauri wa misaada ya dharura huhesabu lita mbili na nusu mpaka tatu kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na za chakula. Afadhali ziwe katika vyombo viwili kuliko kimoja, ili kimoja kikipasuka asibaki mikono mitupu. Chupa moja ya mdomo mpana ya kunywea njiani, na kidumu kidogo kisichofunguliwa mpaka kuwe na haja. Kidumu hicho kifungwe uzi mweupe shingoni, na mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya umbo kama lake, ili hata mtoto asiyejua kusoma aweze kukitambua. Maji yake yabadilishwe kila juma, siku moja iliyo maalumu, na kila mara kioshwe ndani. Mzigo wote hauzidi kilo tatu na kitu, na wale wapagazi walichukua zaidi ya mara tisa yake toka Tabora hata pwani, na kibuyu juu yake.